Jicho Linapocheza Wiki Baada ya Wiki

Jicho likianza kucheza, mtu wa kwanza kulitolea maelezo si daktari. La kulia, utaambiwa mgeni yuko njiani au kuna pesa inakuja. La kushoto, jiandae kulia. Ukivuka mtaa wa pili wanakugeuzia, la kushoto ndilo la heri. Sina ugomvi na imani hizo. Kwa siku mbili tatu za mwanzo hazimdhuru mtu, na siku hizo hata daktari hana mengi ya kukuambia kumshinda shangazi yako. Kazi inakuja pale wiki ya nne inapoingia, jicho bado linacheza, na yule aliyekuwa akingoja mgeni sasa analala akiwaza kiharusi.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Kabla hatujafika mbali, shika jambo moja: maradhi mengi yanayochezesha kope hutambuliwa kwa kutazama, si kwa kupima damu wala kwa picha ya ubongo. Na anayeishi na jicho hilo usiku na mchana ni wewe. Daktari atakuwa nalo dakika kumi, na mara nyingi dakika hizo hizo kope inatulia tuli, unabaki unajitetea kwamba jana usiku hali ilikuwa mbaya. Ndiyo maana uchunguzi unaanzia nyumbani.

Anza na kioo na simu

Kaa penye mwanga wa kutosha, vua miwani, ngoja lianze. Angalia kwanza ni kope ipi: ya chini au ya juu? Ni jicho moja au yote mawili? Je, ni ngozi inayotetemeka tu huku jicho likiwa wazi, au jicho linafumba lenyewe bila ruhusa yako? Kisha shusha macho hadi shavuni na kwenye pembe ya mdomo. Je, huko nako kuna kitu kinavutwa wakati kope inacheza?

Ukishaona, rekodi kwa simu. Nusu dakika inatosha, lakini piga uso mzima, si jicho peke yake, maana mara nyingi jibu liko shavuni. Wakati mwingine mwombe mwenzako akutazame ukiwa usingizini, kwa sababu kuna tatizo moja ambalo halipumziki hata ukilala, nasi tutalifikia. Andika pia dawa zote unazotumia, pamoja na zile unazojinunulia mwenyewe duka la dawa na kuziona si dawa.

Ile ya watu wengi

Ukikuta ni kope ya jicho moja, mara nyingi ya chini, inatetemeka sekunde kadhaa au dakika chache, inaacha, inarudi baadaye, jicho halifumbi, haliumi, wala halijabadilika rangi, basi karibu kila mara ni ile ambayo madaktari huiita mayokimia. Jicho limezungukwa na msuli mwembamba wa duara, nao ndio unaolifumba. Msuli huo unapata amri kutoka kwa mshipa wa fahamu unaotoka kwenye shina la ubongo, ukapita karibu na sikio na kusambaa upande mzima wa uso. Nyuzi chache za msuli zikianza kujikaza zenyewe, unahisi mtetemo. Unauhisi wewe zaidi ya anavyouona aliyekaa mbele yako. Ukimwambia mwenzako "ona, ona," huenda akakodoa macho asione kitu.

Hali hii haileti upofu wala si dalili ya kiharusi. Huisha yenyewe baada ya siku au wiki kadhaa, ingawa wapo ambao humaliza miezi nayo, ikienda na kurudi.

Kinachoichochea mara nyingi ni mchanganyiko wa mambo. Mwangalie dereva wa bodaboda anayefanya kazi hadi saa nane za usiku: usingizi wa saa nne, upepo na vumbi usoni siku nzima, taa za magari zinazomwakia machoni, kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kila anapohisi kusinzia, na pengine mirungi juu yake. Kopo dogo la mililita 250 kwa kawaida lina takriban miligramu 80 za kafeini, karibu sawa na kikombe cha kahawa. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini. Aliyekunywa saa tatu usiku anapanda kitandani saa nane nusu kopo likiwa bado kazini. Usingizi unakuwa mwepesi, kesho anahitaji makopo mawili, na kope inacheza. Badala ya bodaboda weka muuguzi wa zamu, mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mitihani, au mama aliyejifungua juzi. Hadithi ni ile ile. Msongo wa mawazo, sigara na pombe vinaingia humo humo.

Tiba yake inachosha kuieleza kwa sababu kila mtu anaijua na hakuna anayeifanya. Lala vya kutosha kwa wiki mbili mfululizo, si usiku mmoja wa Jumamosi. Punguza chai kali, kahawa na makopo polepole, maana anayeacha kafeini ghafla hupatwa na maumivu ya kichwa, kisha anarudia. Weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, jioni. Ukiwa kwenye simu au kompyuta, kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20.

Na kama umevuka miaka 40 na umeanza kuisogeza simu mbali ndipo usome ujumbe, kapime macho. Watu wengi hukunja kope kutwa nzima wakipigana na maandishi madogo, wakidhani wana maradhi, kumbe wanahitaji miwani ya kusomea.

Nitasema neno kuhusu vidonge vya magnesi, kwa kuwa ndivyo vinavyopendekezwa sana mitandaoni. Mtu anayekula maharage, mboga za majani, karanga na nafaka zisizokobolewa hapungukiwi magnesi kirahisi. Upungufu wa kweli upo, lakini una wenyewe, nao wanakuja mbele.

Jicho lenyewe likiwa na tatizo

Kope ni mlinzi. Kitu kikigusa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kope inafumba kabla hujafikiri. Kwa hiyo jicho linalokerwa kutwa litapepesa na kucheza kutwa, na hapo kutibu kope pekee ni kazi bure.

Kero ya kwanza ni ukavu. Jicho linachoma, unahisi mchanga ndani, na ajabu yake ni kwamba linaweza kutoa machozi mengi, kwa sababu machozi ya dharura hayashiki vizuri juu ya jicho. Machozi ya bandia yanayouzwa duka la dawa husaidia. Kero ya pili ni uvimbe wa kingo za kope: asubuhi macho yananata, na ukitazama karibu unaona magamba madogo kwenye mashina ya nywele za kope. Hapo dawa kubwa ni usafi wa kila siku: kitambaa cha uvuguvugu kwanza kulainisha, kisha kufuta kingo kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mzio nao una alama yake, yaani kuwasha. Jicho lisilowasha kwa kawaida halina mzio.

Sehemu kama Dodoma, Manyara, Narok au Turkana, ambako ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umekuwepo kwa vizazi, kuna sababu nyingine ya kutazama. Maambukizi ya utotoni yanayojirudia huacha makovu ndani ya kope. Ukubwani makovu yanaivuta kope igeukie ndani, na nywele zake zinaanza kukwaruza konea kila jicho linapopepesa. Wapo akina mama wanaotembea na kibano chao, unywele ukiota wanaung'oa. Nafuu ni ya wiki chache, kisha unarudi ukiwa mfupi na mgumu zaidi. Upasuaji wa kuigeuza kope irudi nje ni mdogo, hufanywa kwa ganzi ya pale pale, na mara nyingi timu za macho huufuata vijijini. Mama yako akipepesa sana na kukwepa jua, mwangalie nywele za kope zinaelekea wapi kabla hujamnunulia dawa yoyote.

Na hizo dawa. Kuna matone ya macho yenye steroidi, mara nyingi yamechanganywa na dawa ya kuua bakteria, ambayo hutoa nafuu ya haraka kwa jicho lolote jekundu, na kwa hiyo yanasifiwa sana dukani. Ukisoma boksi utaona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni. Yakitumiwa kiholela yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya hadi likapoteza uwezo wa kuona, yakaleta mtoto wa jicho, na kama kuna kidonda cha fangasi au cha virusi kwenye konea yakakichochea. Usiyatie bila mtu kukuangalia kwa kifaa cha macho. Maziwa ya mama, maji ya majani yaliyotwangwa na mkojo viko katika kundi hilo hilo. Hospitali za macho hupokea vidonda vya konea vilivyoanzia hapo.

Jicho linapofumba lenyewe

Sasa tunaingia penye magonjwa ya mfumo wa fahamu. La kwanza linaitwa blefarospazimu. Linashika macho yote mawili, na huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 50. Huanza kwa hila: unapepesa kuliko kawaida, mwanga unakukera, unahisi ukavu. Unapewa matone, unabadilishiwa miwani, mambo hayaendi. Miezi inapita, macho yanaanza kufumba kwa nguvu kwa sekunde kadhaa, kisha zaidi, hasa juani, barabarani au ukiwa na wasiwasi. Wapo wanaofikia kushikwa mkono kuvushwa barabara ilhali macho yao, yakipimwa, ni mazima kabisa.

Ugonjwa huu una alama ya ajabu inayosaidia kuutambua. Wagonjwa wengi hugundua wenyewe kwamba wakigusa paji la uso pembeni, wakiimba, wakipiga mluzi au wakitafuna kitu, macho yanafunguka kwa muda. Ndugu wakiona hivyo hudhani ni maigizo. Si maigizo. Ni tabia ya jamii nzima ya magonjwa yaitwayo distonia, ambamo sehemu za ndani za ubongo zinazoratibu mwendo wa misuli hutoa amri zisizotakiwa. Picha ya ubongo kwa kawaida hutoka safi, na ndipo mgonjwa anaambiwa "huna kitu". Wakati mwingine taya na mdomo navyo huingia katika mchezo. Hali hiyo hubeba jina la Henri Meige, daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1910.

Sitaki nipite haraka kwenye aibu yake. Mwanamke ambaye jicho lake linafumba ndani ya daladala anaonekana anakonyeza. Mwingine anapelekwa kwa waganga akaambiwa ana pepo. Ukiwa na ndugu wa namna hii, kumrekodi kwa simu na kumpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu kunaweza kumwokolea miaka.

La pili linakaa upande mmoja tu. Linaanzia kwenye kope, unadhani ni ile ya kawaida, lakini baada ya miezi au hata miaka linashuka hadi shavuni, pembe ya mdomo inavutwa juu kila jicho linapofumba, na wakati mwingine shingo inaguswa. Hili ndilo lisilopumzika usingizini. Kuna kitu kimoja cha kuangalia kwenye kioo: wakati jicho linafumba, je, nyusi ya upande ule inapanda? Jaribu kwa makusudi kufumba jicho moja huku ukiinua nyusi yake. Ni kazi ngumu. Uso unaoyafanya yote mawili kwa pamoja bila kuombwa unaelekeza kwenye tatizo hili.

Chanzo chake mara nyingi ni mshipa wa damu uliojipinda ukalalia ule mshipa wa fahamu wa uso pale unapotoka kwenye shina la ubongo. Kila pigo la moyo linausugua, hadi ganda lake linachakaa na ishara kuvuja, mithili ya waya uliochubuka. Mara chache kinachoubana ni uvimbe, na kwa sababu hiyo hapa kipimo cha MRI kina maana, tofauti na kwenye kope ya kawaida ambako ni kupoteza fedha. Upasuaji wa kuutenganisha mshipa wa damu na wa fahamu upo na unaweza kumaliza tatizo, ila ni upasuaji wa karibu na ubongo. Wengi huanza na sindano, nitakayoieleza mwishoni.

Waliowahi kupooza uso upande mmoja nao wana habari yao. Mshipa wa fahamu ukipona, nyuzi zake zinaweza kuota kuelekea msuli usio wake. Matokeo yake, mtu akicheka au akitafuna, jicho linafumba kidogo. Ni kovu la ugonjwa uliopita, si ugonjwa mpya.

Dawa, madini, na kope inayolegea

Rudi kwenye ile orodha ya dawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, pamoja na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na klopromazini, zikitumiwa muda mrefu zinaweza kuleta mchezo wa kope, midomo na ulimi. Usiache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia, maana kuacha ghafla kuna hatari zake. Kuna pia sura ya ghafla: kijana kapewa dawa ya kutapika, baada ya saa chache au kesho yake macho yanavutwa juu, shingo inapinda, ulimi unatoka. Nyumbani wataita degedege au shetani. Kimbilia hospitali na boksi la dawa mkononi. Kuna sindano inayolegeza hali hiyo ndani ya muda mfupi sana.

Upungufu wa kalsiamu unawahusu hasa waliofanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Kope ikicheza, tazama kama midomo na ncha za vidole vinafa ganzi na mikono inakakamaa. Zikija pamoja, nenda hospitali siku hiyo. Magnesi huwapungua wanaoharisha muda mrefu, walevi wa pombe, na baadhi ya waliotumia omeprazo kwa miaka au dawa za kukojosha. Hapa kipimo cha damu kina kazi.

Kope inayolegea si kope inayocheza, lakini watu huzichanganya. Ikiwa asubuhi jicho liko wazi na kadiri jua linavyozama kope inashuka, unaona vitu viwili viwili au unachoka kutafuna, mwambie daktari hivyo hivyo kwa mpangilio huo. Kuna ugonjwa wa misuli kuchoka unaokuja hivi, na mwenye nao anapaswa kutamka hilo kabla ya kupewa kwinini kwa ajili ya malaria, kwa kuwa kwinini huweza kuuzidisha.

Kwa watoto

Mtoto wa darasa la kwanza au la pili anayepepesa kwa nguvu mara kwa mara, akiweza kujizuia kidogo akiambiwa, na akilala hana kitu, mara nyingi ana mazoea ya misuli ambayo hupungua yenyewe. Kumkemea kunayaongeza. Mpime macho na mwangalie mzio, basi. Tofauti ni mtoto anayekatika katikati ya sentensi, akakodoa macho sekunde chache huku kope zikipapatika, kisha akaendelea bila kujua kilichopita. Au anayeamka usiku nusu ya uso ikiruka, mate yakitoka, hawezi kusema. Hicho kinaweza kuwa kifafa, nacho kina dawa. Mrekodi, nenda naye kliniki.

Lini na wapi

Usingoje ikiwa jicho ni jekundu na linauma, linatoa usaha, au uoni umefifia: nenda siku hiyo hiyo penye huduma ya macho. Kope ikilegea ghafla, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine na kichwa kikiuma vibaya, ni dharura. Uso kupinda ghafla, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito, vivyo hivyo. Na utambue kwamba kiharusi kwa kawaida hulegeza uso, hakiuchezeshi.

Mengine yanaweza kungoja miadi: kope iliyocheza zaidi ya wiki chache licha ya kulala vizuri, jicho linalofumba kabisa, au mchezo ulioshuka shavuni. Anzia kwa tabibu wa kituo chako, mwonyeshe video, uombe rufaa. Hospitali za rufaa zenye vitengo vya macho, kama KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam na hospitali ya macho ya Kikuyu karibu na Nairobi, zimezoea kupokea watu kutoka mbali, ila kwa mchezo uliofika shavuni utahitaji pia daktari wa mishipa ya fahamu.

Ile sindano ya kope niliyoahidi kuieleza ni ya sumu ya botulinumu kwa kipimo kidogo mno. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeianzisha kwa tiba ya macho, na Marekani iliiruhusu kwa blefarospazimu mwaka 1989. Huchomwa chini ya ngozi kuzunguka jicho, huanza kufanya kazi baada ya siku chache, na hudumu takriban miezi mitatu, kisha unarudia. Kope inaweza kulegea au jicho kukauka kwa wiki kadhaa, hupita. Ni ghali na haipatikani kila mji, kwa hiyo piga simu kabla hujapanda basi, uulize vitu vitatu: dawa ipo, daktari ameshawahi kuichoma kwa ajili ya kope na si makunyanzi, na bei ni ya chupa nzima au ya kiasi utakachotumia. Ukiambiwa saluni fulani wanayo kwa bei nafuu, kaa na kope yako inayocheza hadi upate daktari.